Viazi vya Mzee Abdulkarim

Mashimo yalikuwa mazuri mno. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomkera Inspekta Shufaa Mrisho alipofika kwenye shamba la misonobari nje kidogo ya Igowole. Kila mti ulikuwa na shimo lake, upande uleule, kina kilekile, na udongo umewekwa pembeni kwa adabu kana kwamba aliyechimba alitarajia kukaguliwa.

"Wameniua," alisema Mzee Abdulkarim. Alikuwa amesimama kando ya gari lake amevaa kanzu, koti zito na buti za mpira, maana baridi ya Mufindi haimjui mtu wa mjini. "Miaka yote hii nasubiri, mwanangu. Nimelipa wataalamu, nimeweka mlinzi. Anakuja mwanamke mmoja na jembe lake, anabeba."

Shufaa alikuwa binti wa Kihesa, mjini Iringa, na Abdulkarim alikuwa mfanyabiashara wa Kihesa aliyesali msikiti mmoja na marehemu baba yake. Ndiyo sababu mzee alikwenda makao makuu ya mkoa akaomba kesi apewe yeye. Aliamini amejiombea mtu wa nyumbani. Shufaa alimwamkia kwa heshima zote, akamuuliza hali ya watoto, kisha akavaa glavu na kupiga magoti kwenye shimo la kwanza.

Kilichoibwa, kwa maelezo ya mlalamikaji, kilikuwa uyoga. Si ule wa kuchuma baada ya mvua. Huu hukua chini ya ardhi, umeshikamana na mizizi ya mti, mviringo, rangi ya udongo mkavu, na Wazungu wanauita trufo na kuugombania kwenye hoteli zao. Abdulkarim aliagiza miche ya misonobari kutoka Ulaya, mizizi yake ikiwa imeshawekewa kuvu ya trufo hukohuko, akaipanda hapa na kukaa kusubiri. Watu wa Igowole, ambao hawajawahi kuona mtu anapanda msonobari halafu hataki mbao, waliuita mradi ule viazi vya Mzee. Viazi havikuonekana. Halafu mpishi wa hoteli moja ya watalii mjini Iringa akaanza kusifia trufo za Mufindi, na alipoulizwa nani anamuuzia, akamtaja Lea Mhavile, mjane wa Igowole, aliyewahi kuwa kibarua kwenye kitalu cha Abdulkarim.

Askari wa mwanzo walikwenda kwa Lea, wakachimba chini ya misonobari michache iliyokuwa nyuma ya nyumba yake, wakabeba kila walichokikuta. Lea akapelekwa mahakamani kwa wizi, hakupata mdhamini, akarudishwa mahabusu. Kesi ilikuwa inaanza kusikilizwa Ijumaa.

"Mashimo mliyaona lini?" Shufaa alimuuliza msimamizi wa shamba.

Msimamizi aliitwa Ezron. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono ya kazi na sauti ya upole. "Asubuhi ya siku tuliyoripoti, afande. Mzee alinipigia jioni iliyotangulia, ananiuliza mbona Lea anauza trufo na sisi hatuna. Nikamwambia nitakagua. Asubuhi nikakuta hivi."

"Kabla ya hapo hukuwa unapita?"

"Nilikuwa napita. Ila shamba ni kubwa, afande."

"Ana nguruwe yule mwanamke," Abdulkarim alidakia, na neno lenyewe akalitema haraka. "Nguruwe ana pua. Amemleta hapa, mnyama kanusa, yeye kakusanya. Mimi hayo ndiyo mahesabu yangu."

Hesabu haikuwa mbaya. Shufaa aliwahi kusikia kwamba huko Ulaya zamani walitumia nguruwe kutafuta trufo. Alimgeukia Koplo Ngolo, dereva na msaidizi wake, ambaye alikuwa amechuchumaa kwenye shimo jingine akichezea mzizi uliokatika. Ngolo alizaliwa Usangu, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao.

"Hii siyo nguruwe, afande," Ngolo alisema. "Nguruwe analima kwa pua. Anapindua huku, anaruka kule, mzizi anautafuna. Ona hii, imekatwa safi. Hii jembe."

"Unawajua nguruwe wewe? Si mnafuga ng'ombe?"

"Wa jirani alikuwa anaingia bustani ya mama kila wiki. Kazi ya kufukia ilikuwa yangu. Nawajua, tena siwapendi."

Shufaa aliinama akanusa ndani ya shimo. Harufu ya udongo na utomvu, basi. Kule kwenye gari, trufo moja iliyokamatwa hotelini ilikuwa ndani ya kopo lenye mfuniko, na bado ilinuka kitunguu saumu na gesi ya jikoni kiasi kwamba Ngolo aliendesha na vioo wazi njia nzima. Uyoga wenye harufu ya namna ile ukitolewa ardhini leo, shimo lake haliwezi kunyamaza kesho.

Alikwenda mti kwa mti. Palichimbwa chini ya miti minene na chini ya miti iliyodumaa, hata chini ya mmoja uliokwisha kukauka. Mtu aliyefuata pua ya mnyama angechimba hapa na kuruka pale. Huyu hakuruka hata mti mmoja. Shufaa alikata mizizi kutoka pembe zote za shamba, akachukua na udongo, akafunga kila kitu kwenye mifuko na kuandika mahali kilipotoka. Jioni alifanya hivyohivyo nyumbani kwa Lea, na vyote, pamoja na ile trufo, Ngolo akavipeleka Mbeya.

*

Lea aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amejifunika kitenge hadi kidevuni. Alikuwa na umri wa makamo, mwembamba, na alikaa kwenye ncha ya benchi kama mtu anayetarajia kuamriwa kusimama.

"Kamwene, dada Lea."

"Kamwene." Aliinua macho kidogo. Hakutegemea salamu ya Kihehe kutoka kwa mtu mwenye hijabu na nyota za polisi.

"Naitwa Shufaa. Kesi yako ninayo mimi sasa. Ulichimba shambani kwa Mzee Abdulkarim?"

"Sijakanyaga kule tangu waniachishe kazi."

"Trufo ulizipata wapi?"

"Kwangu."

"Ulijuaje kama zipo?"

"Nguruwe. Alikata kamba, akaenda kwenye paini, ile misonobari ya nyuma ya nyumba. Nikamkuta anakula kitu inanuka kama gesi. Nikamfukuza, nikaonja na mimi."

"Unaonja kitu usichokijua?"

"Nguruwe hakufa," alisema Lea.

Shufaa alijizuia kucheka. "Mlalamikaji anasema uliiba kwake ukazifukia kwako kuzificha."

"Nimesikia."

"Paini zako miche yake ulipata wapi?"

Lea aliangalia ukuta.

"Dada Lea, nimeuliza miche."

"Nilipanda."

"Kupanda nimeelewa. Nauliza ulikoitoa."

"Nikisema, mtaniandika mwizi. Nisiposema, mtaniandika mwizi. Afadhali nikae kimya, mdomo upumzike."

Hapo palikuwa na kitu. Shufaa alikiandika kwenye daftari. Kisha akauliza swali jingine. "Unajua ukipatikana na hatia Mzee anataka nini?"

"Shamba. Ameshatuma mtu. Anasema nimwachie shamba na nyumba, yaishe, nitoke." Alikibana kitenge kidevuni. "Wanangu wako kwa mama mkwe, wanalala chini jikoni. Nikimwachia, nikitoka tutalala wapi? Nisipomwachia, nafungwa. Wewe ungechagua nini, dada?"

Shufaa alimwambia asisaini chochote na mtu yeyote hadi Ijumaa. Lea aliitikia kwa kichwa bila imani, akarudishwa ndani.

*

Simu kutoka Mbeya ilikuja siku moja kabla ya kesi. Shufaa na Ngolo walipita Makambako kukiwa na ukungu, wakala wali Chimala, na mchana walikuwa wamekaa kwenye maabara ya udongo ya Dakta Lutengano, Mnyakyusa mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na tabia ya kumfundisha kila anayekaa karibu naye.

"Nianze na ya mlalamikaji," alisema Lutengano. "Kuvu ya trufo iliyokamatwa ndiyo kuvu ya kwake. Nimelinganisha vinasaba na taarifa za waliomuuzia miche. Hakuna ubishi."

Ngolo alipiga mluzi. "Basi mama kaiba."

"Nimesema kuvu. Trufo hii ilikulia wapi, bado sijasema." Lutengano alichukua sahani ndogo ya kioo, ndani yake kukiwa na utando mweupe wenye kung'aa. "Mnajua hiki ni nini?"

"Ugonjwa?" Ngolo alisogeza kiti nyuma.

"Bakteria. Nimewatoa katikati ya trufo yenu. Ngojeni niwaeleze. Msonobari unaipa kuvu sukari, kuvu inauletea mti maji na chumvi za udongo. Hiyo ni biashara ya kwanza. Ya pili iko ndani ya trufo yenyewe. Ukikata kipande kama ukucha, mna bakteria wengi kuliko watu wa Mbeya yote. Hawakuja kuiozesha. Wamepanga mle."

"Kodi wanalipa nini?"

"Harufu! Ile iliyokutesa njiani, koplo, sehemu yake ni kazi yao. Kuvu inatoa malighafi, bakteria wanaimalizia. Trufo iko chini, upepo hauipati. Bila harufu hakuna mnyama atakayekuja kuchimba na kuisambaza. Kwa hiyo mwenye nyumba anawahitaji wapangaji kama wao wanavyohitaji nyumba."

"Wapangaji wanatoka wapi?" Shufaa aliuliza.

Lutengano alimwangalia kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Kwenye udongo wa hapohapo. Trufo inapoanza kuumbika inawachukua walio jirani. Sasa hawa niliowapata ni ukoo wa wale wanaotengeneza vinundu kwenye mizizi ya soya. Ukoo huo uko mahali pengi, hauna ajabu. Lakini aina hii hasa nimeipata sehemu mbili tu. Ndani ya kielelezo chako, na kwenye udongo wa yule mama. Kwa mlalamikaji nimetafuta, sikuiona."

"Lea analima soya kandokando ya ile miti," alisema Shufaa. "Kwa mzee palikuwa nyasi tupu kabla ya kupanda."

"Na yule mama anamwaga majivu ya jikoni palepale. Nimeyaona kwenye udongo. Udongo wenu wa Mufindi ni mchachu, trufo haiupendi. Majivu yameupunguza ukali. Sidhani kama alijua."

Shufaa aliuliza swali ambalo wakili wa Abdulkarim angeuliza. "Tuseme aliiba, akazifukia kwake. Bakteria wa kwake hawawezi kuingia?"

"Wangebaki kwenye ganda. Hawa niliwatoa katikati kabisa, baada ya kulisafisha ganda kwa dawa na kulimenya. Waliingia uyoga ukiwa bado unaumbwa. Mimi nakwambia udongo, inspekta. Mikono ya nani ilichimba, hiyo ni kazi yako."

"Basi nisaidie na mizizi."

Lutengano alimpisha kwenye hadubini. Shufaa aliona ncha za mizizi zilizogawanyika kama uma, zimevikwa kitu cha kahawia.

"Hiyo ni mizizi ya shamba la mzee," alisema Lutengano. "Ile kahawia ni kuvu nyingine, ya misonobari ya zamani. Ndiyo inayotoa uyoga ule wa msituni baada ya mvua. Nimeangalia mizizi yote mliyoleta. Trufo haipo hata kwenye mmoja. Kuvu hii ikishatangulia kwenye mzizi, trufo haina chake tena. Mzee wako hakuibiwa trufo. Hajawahi kuwa nayo."

Ngolo ndiye aliyesema walichofikiria wote. "Kama haikuwemo, aliyechimba alichimba nini?"

"Imefikaje pale kuvu hii?" Shufaa aliuliza. "Msitu wa zamani uko mbali na lile shamba."

"Upepo unaweza kuileta. Lakini ya upepo ingeanza na mizizi michanga ya nje. Hapa imekolea zaidi karibu na shina, kwenye ile mizizi ya kwanza kabisa. Yaani iliingia mti ukiwa bado mche, kwenye kiriba cha kitaluni."

Shufaa aliondoa jicho kwenye hadubini. Hakuna mtu aliyelihujumu shamba. Shamba lilipandwa likiwa tayari limeharibika, na kuanzia siku hiyo mtu fulani alikuwa anapita kati ya miti ile akijua, au asijue. Alimshukuru Lutengano, akakataa chai kwa adabu, na walipofika garini hakumwambia Ngolo waende kituoni.

*

Kitalu cha Abdulkarim kilikuwa bondeni, karibu na maji, na sasa kilizalisha misonobari ya kawaida ya kuuza kwa wapanda mbao. Akina mama walikuwa wamekaa chini wakijaza udongo kwenye viriba, mifuko midogo ya plastiki ya kuoteshea miche. Ezron alikuwa anawapitia. Kando yake, chini ya turubai, kulikuwa na rundo la udongo mweusi wenye majani makavu ya msonobari.

"Karibu, afande. Mmetoka Mbeya?" Aliona matope kwenye gari.

"Tumetoka Mbeya. Huu udongo mweusi ni wa nini?"

Lilikuwa swali la kazi yake, na uso wake ulifunguka. "Huo ni udongo wa msitu. Tunauchota chini ya paini za zamani, tunachanganya kidogo kwenye kila kiriba. Usipoweka, mche unakuwa wa njano, unadumaa, unakufa. Mufindi yote tunafanya hivi. Baba yangu alifanya hivi."

"Kila mche?"

"Kila mche, afande."

"Na ile ya Ulaya?"

Tabasamu lilibaki usoni, limesahaulika pale. Mikono ilikuwa imeshaacha kazi.

"Ile ilikuja na maelekezo yake," alisema Ezron.

"Sijauliza maelekezo yalisemaje. Nauliza uliweka nini kwenye viriba."

Akina mama waliacha kujaza udongo. Ezron aliwatazama, akasogea pembeni, na Shufaa akamfuata hadi kwenye mfereji. Ngolo alibaki nyuma yao.

"Ilikuwa inakufa, afande," Ezron alisema, sauti imeshuka. "Ilishuka kwenye gari ikiwa ya njano. Mzee yuko Dubai, kila siku simu: Ezron, miche haijambo? Ningemwambia nini? Ile mibovu zaidi akasema itupwe. Iliyobaki nikaiwekea udongo wa msitu. Ikapona! Ikawa kijani yote. Mzee aliporudi alifurahi, ndiyo akanipa usimamizi."

"Ulijua lini kama umeiua trufo?"

"Alikuja mtaalamu mmoja. Akachimbua mizizi, akaiangalia kwa lenzi, akatikisa kichwa. Akasema mizizi hii ina kuvu nyingine, trufo hamtaiona. Mzee hakuwepo. Nikasema nitamweleza mwenyewe."

"Ukamweleza?"

"Nilikuwa nangoja siku nzuri."

Siku nzuri haikupatikana miaka yote ile. Shufaa angeweza kuielewa hiyo. Alikwisha kuwaona watu wazima wakificha mambo madogo kuliko hayo kwa woga wa mwajiri. Kuhusu udongo alimwonea huruma kabisa. Mtu alikuta miche inakufa, akafanya kile ambacho mikono yake ilifundishwa tangu utotoni.

"Mashimo je?"

"Mzee alipopiga simu nilichanganyikiwa. Nikachukua jembe. Nilifikiri atakasirika, atafoka, yatapita. Sikujua atakwenda polisi."

"Ile miche mibovu aliitupa nani?"

"Lea. Nilimtuma yeye. Akaniomba aipeleke kwake, nikamwambia chukua, hiyo takataka."

"Haikuwa na udongo wa msitu."

"Bado. Ule niliuweka baadaye."

"Kwa hiyo Mzee alipokuuliza Lea kapata wapi trufo, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na alipowekwa ndani?"

Ezron alitazama chini. Maji yalipita kwenye mfereji. Hapo ndipo hasira ilipompanda Shufaa, hasira ya kweli, ambayo kwa kawaida hakuiruhusu kazini. Huruma yote ya kuhusu udongo ilimwishia. Alimsomea haki zake neno kwa neno, polepole, kwa sababu alijua akiharakisha atasema na mengine. Ngolo akatoa pingu.

*

Ijumaa asubuhi mwendesha mashtaka, Shufaa na Mzee Abdulkarim walikutana kwenye baraza ya mahakama kabla hakimu hajaingia. Shufaa alikuwa na ripoti ya Lutengano na maelezo ya Ezron, na kitu kimoja kilibaki. Alitaka kukisikia kutoka kinywani mwa mwenyewe, na mashahidi wawepo.

"Mzee, ile miche iliyofika ikiwa dhaifu, uliamua nini?"

"Niliagiza itupwe." Abdulkarim hakuona mtego kwa sababu hakukuwa na haja ya kuuona, alijivunia uamuzi ule. "Mimi sipandi mgonjwa. Kwenye biashara hata dukani, kilichoharibika nakitoa. Kwa nini?"

"Hukutaka irudi kwako?"

"Ya nini? Atakayeiokota na aiokote."

Mwendesha mashtaka alimwangalia Shufaa, akafunga jalada lake. Shufaa akamweleza mzee yote, kuanzia bakteria hadi jembe, kwa lugha nyepesi na bila kumpunguzia. Abdulkarim alisikiliza akiwa amesimama. Ilipofika habari ya udongo wa msitu alitafuta ukuta kwa mkono, na ilipofika habari ya Lea alikaa chini.

"Nilikuomba wewe," alisema, "nikijua utanisaidia."

"Nimekusaidia, mzee wangu. Ungelala usingizi gani kwenye nyumba ya wale watoto?"

Abdulkarim alivua kofia yake, akaishika mapajani, akaonekana mzee kuliko alivyofika. Shufaa alimhurumia, na aliiacha huruma hiyo ionekane usoni mwake.

Kesi ilifutwa. Lea alisikiliza uamuzi wa hakimu kana kwamba unamhusu mtu mwingine, na alipoambiwa aende, alibaki amesimama hadi karani aliporudia. Nje, Abdulkarim alikuwa wa kwanza kumfuata.

"Lea, nimekukosea. Mbele ya Mungu nimekukosea. Miti ile ni yako, sina neno. Lakini hakuna mwingine aliye nayo huku kwetu. Naomba siku moja tukae, unigawie hata udongo wake, nianze upya kihalali."

"Tutaongea, Mzee," alisema Lea. "Leo nakwenda kwa wanangu."

Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa karibu na geti, na Ezron alikuwa ameketi nyuma, pingu mikononi, akisubiri zamu yake ya kusomewa shtaka la kutoa taarifa za uongo. Lea hakuwa na njia nyingine ya kutoka.

"Dada Lea," Ezron aliita. "Nisamehe, dada yangu. Niliogopa tu."

Lea alisimama. Ngolo alitaka kumwondoa, Shufaa akamzuia kwa mkono.

"Siku ile ulipokuja mbele ya askari," Lea alisema, "mimi nilijua umekuja kunitembelea. Nikakuwekea kiti. Nikakupa togwa. Ukanywa, ukamaliza, ukanirudishia kikombe, ukasema asante. Halafu ndiyo ukawaonyesha miti."

Ezron alikuwa anaangalia pingu.

"Ungekataa hata ile togwa, Ezron."

Akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka getini.